Mashine Haina Nia: Kosa la Kukifanya Chombo Kuwa Ndicho Mtendaji

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Msimu wa korosho uliopita nilialikwa kutoa darsa katika msikiti mmoja wa Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Baada ya Swala ya Ijumaa wazee walibaki kibarazani, na likaletwa shauri. Kijana mmoja alipokea malipo ya korosho kwa niaba ya baba yake, kwa kuwa mzee alikuwa mgonjwa. Siku nne baadaye fedha zile zilikuwa zimekwisha katika kubeti kwa simu. Mkeka ulichanika, ukafuata mwingine, hadi ikabaki nauli tu. Mzee alikuwa amekaa pale, fimbo yake magotini. Hakumtaja mwanawe hata kwa neno moja. Aliinua mkono, akaonyesha mnara wa simu uliosimama upande wa pili wa kijiji, akasema: "Yule ndiye aliyenila."

Wengi waliitikia. Mmoja akasema kwamba tangu mnara ule usimikwe, adabu imehama kijijini. Mwalimu wa shule aliyekuwepo akapinga kwa heshima, akasema kinyume chake: mnara ule ule ndio utakaowaletea watu wa Narung'ombe elimu, bei nzuri ya korosho na maendeleo, wapende wasipende, kwa sababu teknolojia haizuiliki.

Siku ile nilinyamaza, maana mzee alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hajadiliwi. Lakini jambo lile limenikaa moyoni, na nimeona niliandike kwa ajili ya maimamu na wanafunzi, kwani kauli kama hizi tunazisikia juu ya mimbari zetu kila wiki, na sisi wenyewe tunazisema.

Ndugu msomaji, mzee na mwalimu walionekana kugombana, lakini ukichunguza utaona kwamba wanasema jambo moja. Wote wawili wanakubali kuwa mnara ndio mtendaji na watu ni watendwa. Wametofautiana tu kama kinachotendwa ni shari au kheri. Rai hiyo ya pamoja ndiyo tunayoikosoa hapa.

Rai yenyewe na asili yake

Rai hii si ya wazee wa kijijini peke yao. Wasomi wakubwa wa Ulaya wameisema. Karl Marx, katika kitabu alichokitoa mwaka 1847, aliandika maneno ambayo muradi wake ni kwamba kinu cha mkono huzaa jamii ya mabwana wa ardhi, na kinu cha mvuke huzaa jamii ya wenye mitaji. Kwa insafu, ni lazima tuseme kwamba katika maandiko yake mengine Marx mwenyewe alitaja sababu nyingi zaidi ya vinu. Lakini sentensi ile fupi ndiyo iliyoshikwa na watu.

Mwaka 1962 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, alitoa kitabu kuhusu teknolojia na mabadiliko ya jamii katika Ulaya ya zama za kati. Humo alidai kwamba kikuku cha tandiko la farasi, kile kinachowekwa mguu, yaani rikabu, ndicho kilichomwezesha askari kupigana kwa mkuki akiwa juu ya farasi bila kuanguka. Kwa kuwa askari wa namna hiyo ni ghali, watawala wa Wafaranki wakagawa ardhi ili kuwagharimia, na kutokana na hapo ukazaliwa mfumo mzima wa mabwana na watwana. Hoja ni tamu: chuma kidogo kimezaa dola. Lakini mwaka uliofuata, 1963, wanahistoria wa Uingereza, Hilton na Sawyer, waliipinga vikali, wakaonyesha kwamba ushahidi hautoshi kubeba mzigo huo.

Sisi wanafunzi wa Kiarabu tuna dalili yetu ya kuongeza. Wanazuoni wa adabu, miongoni mwao al-Mubarrad, wamepokea kwamba al-Muhallab bin Abi Sufra, jemadari aliyepigana na Khawarij wa Azariqa na akafariki mwaka 702, ndiye aliyeamrisha rikabu za chuma, kwa kuwa zile za mbao zilikuwa zikivunjika. Basi rikabu ilikuwepo kwa Waarabu, na kabla yao ilikuwepo kwa Wachina na kwa makabila ya wapanda farasi wa Asia. Je, mbona haikuzaa huko kote mfumo ule ule wa Wafaranki? Iwapo sababu ipo na matokeo hayapo, basi hiyo siyo sababu iliyotimia. Wakati mwingine ni sharti tu, na wakati mwingine hata sharti si.

Mizani ya wanazuoni wa Usul

Hapa ndipo elimu yetu inapokuwa na faida. Mwanafunzi wa Usul al-Fiqh hufundishwa mapema kutofautisha mambo matatu. Sababu ni ile ambayo ikiwepo hukumu huwepo, na isipokuwepo hukumu haipo, kama kupinduka jua na wajibu wa Swala ya Adhuhuri. Sharti ni lile ambalo lisipokuwepo jambo halisihi, lakini kuwepo kwake peke yake hakulazimishi jambo liwepo, kama udhu na Swala. Mtu anaweza kuwa na udhu kutwa nzima na asiswali. Na kizuizi, yaani mani', ni kile ambacho kikiwepo jambo halipatikani hata kama sababu yake imekamilika.

Lipime shauri la Narung'ombe kwa mizani hiyo. Bila mnara, kijana yule asingebeti kwa simu. Hilo ni kweli. Lakini mnara ule ule unafika kwa vijana wengine wa kijiji, na wengi wao hawakula korosho za baba zao. Basi mnara hapo ni sharti, haukufika daraja ya sababu. Aliyeuita sababu amefanya kama mtu anayesema kwamba udhu ndio ulioswali.

Yako pia mafundisho ya wanazuoni wa itikadi. Imam al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alichokikamilisha mwaka 1095, suala la kumi na saba, alitoa mfano mashuhuri wa pamba na moto. Alisema kwamba tunachokiona ni pamba kuungua pale inapokutana na moto, lakini macho hayajaona kwamba moto wenyewe ndio unaotenda. Mtendaji wa kweli ni Allah. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa ukali kwamba anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe. Hatukusudii kuamua baina yao katika makala hii. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba wote wawili wanakutana mahali pamoja: si sahihi kukiona kitu kilicho mbele ya macho ukakipa utendaji wote bila uchunguzi. Al-Ghazali huyo huyo, katika Ihya, amemhesabu kuwa mwendawazimu mtu mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono wake kwenye chakula kwa madai ya tawakkul. Kwa hiyo kutafuta sababu hakupingani na tauhidi. Kinachopingana nayo ni kukiabudu chombo kwa hofu au kwa matumaini.

Karanga za Nachingwea

Kama kuna mahali duniani ambapo rai hii ilijaribiwa kwa gharama kubwa, ni hapa kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu katika kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka nchini kwa wiki chache, na mwanzoni mwa mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa paundi milioni 25 hivi. Kwa upande wa Tanganyika yalichaguliwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Sehemu kubwa kuliko zote ilipangwa iwe hapa Jimbo la Kusini.

Waliofanya mpango ule hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliotoka kushinda vita kwa mashine, na waliamini kwamba kilichoshinda vita kitashinda na msitu. Yaliletwa matrekta na matingatinga yaliyobaki ya jeshi. Vifaru vya vita vilibadilishwa vikawa matrekta. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikapata asili yake katika mpango huo.

Matokeo yanajulikana. Huko Kongwa ardhi ya mfinyanzi ilikauka ikawa kama sakafu, majembe yakalika, mvua zikakosekana. Mashine kuukuu ziliharibika, na vipuri na mafundi havikutosha. Kwetu kusini msitu ulikuwa mzito, na shughuli za shamba zilitangulia kabla ya bandari na reli kuwa tayari. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, na kiasi cha paundi milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Reli ya Nachingwea yenyewe haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Tujiulize: matrekta yalikosa nini? Hayakukosa nguvu. Kilichokosekana ni watu wanaoijua ardhi kuulizwa kabla ya kazi kuanza, na muda wa kuijaribu. Wakulima wa kusini walikuwa wakilima kwa jembe la mkono katika nchi ile ile, na walijua mvua yake na udongo wake. Hapa inatupasa tuikumbuke hadithi ya kuchavusha mitende, aliyoipokea Imam Muslim, ambapo Mtume (s.a.w.) aliwarejesha wakulima wa Madina kwenye ujuzi wao wenyewe katika jambo la dunia yao. Mjumbe wa Allah amewarudishia wakulima elimu ya shamba lao. Wapangaji wa mwaka 1947 hawakuona haja hiyo, kwa sababu waliamini mashine haihitaji kuuliza.

Na angalia mnyumbuko wa mambo. Ardhi iliyosafishwa kwa ajili ya siagi ya Waingereza, na mji uliokua kwa sababu hiyo, baadaye ulikuja kuwapokea wapiganaji wa FRELIMO, waliokuwa na kambi kubwa Nachingwea tangu miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Hakuna tingatinga lililokusudia hilo. Watu walikuja na nia nyingine, wakakitumia kilichokuwepo.

Mfano wa pili ni korosho. Mikorosho ilienea Lindi na Mtwara bila matrekta, kwa mikono ya wakulima wadogo waliopanda mti mmoja mmoja, na kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya kiasi cha tani 145,000. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangua kwa mikopo ya nje, kimoja hapa Nachingwea, kwa imani kwamba kiwanda kitaleta utajiri. Viwanda vilisimama, lakini korosho zikatoweka. Mavuno yakashuka hadi chini ya tani 20,000 katika baadhi ya misimu ya miaka ya 1980. Kwa nini? Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia katika miti isiyopaliliwa. Hizo ni sababu tatu, na hakuna hata moja iliyo ndani ya mashine. Kiwanda kilikuwa na kila kitu isipokuwa korosho na mkulima aliyeridhika.

Maji, bunduki na vichwa vya watu

Huenda msomaji akasema: mfano wa karanga ni wa mashine zilizoshindwa, vipi kuhusu mashine zilizoshinda? Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 si vilimalizwa na bunduki ya mtombo? Hii ndiyo kauli ya vitabu vingi vya shule, na ina ukweli ndani yake. Lakini idadi ya waliokufa, ambayo makadirio yake ni kati ya watu 75,000 na 300,000, haielezeki kwa risasi. Wengi waliuawa na njaa, na njaa ile ilifuata uamuzi. Makamanda wa Kijerumani walichagua kuchoma mashamba na maghala ya vyakula ili watu wasalimu amri. Ghala huchomwa kwa kijinga cha moto, na moto si teknolojia mpya. Anayesema "bunduki iliwamaliza" anawaondolea dhima walioamua.

Na kwa upande wa wazee wetu, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini yatazigeuza risasi. Leo tunayacheka maji yale. Lakini mtu aliyeamini mwaka 1905 kwamba maji peke yake yatazuia risasi, na mtu aliyeamini mwaka 1947 kwamba trekta peke yake litaotesha karanga, tofauti yao katika mantiki ni ndogo mno. Wote wawili wamekipa kitu nguvu isiyokuwa yake. Tena maji yalifanya kazi moja ambayo trekta halikuifanya: yaliwakusanya watu wa makabila mbalimbali katika shauri moja. Na hata hiyo haikuwa kazi ya maji. Ilikuwa kazi ya ahadi waliyowekeana walipoyanywa.

Jina la Narung'ombe lenyewe limo katika historia za Vita Kuu ya Kwanza, kwa mapigano ya tarehe 19 Julai 1917. Walipigana pale askari wa King's African Rifles, wa Gold Coast, wa India na wa Afrika Kusini dhidi ya jeshi la Wajerumani lililojaa askari Waafrika. Vitabu vinapenda kusimulia bunduki za mtombo na mizinga. Lakini katika nchi hii farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o, magari yalikwama, na silaha zote zile zilifika vitani juu ya vichwa vya wapagazi. Walichukuliwa kwa mamia ya elfu, na wakafa kwa makumi ya elfu kwa njaa na maradhi. Vita vya mashine viliendeshwa kwa miguu ya watu waliochukuliwa kwa nguvu. Ukiisoma historia kwa kutazama chombo tu, hutawaona watu hao kabisa.

Barua ya mwaka 1908

Sasa turudi kwenye simu. Tunaambiwa kwamba uzushi na uongo katika dini umeletwa na simu. Maimamu wenzangu wanajua ujumbe unaozunguka kila mwaka kuhusu Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), aliyeota ndoto kwamba Kiyama kimekaribia, na kwamba atakayeusambaza ujumbe atapata kheri na atakayeupuuza atapata balaa. Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, aliandika waraka maalumu kuukadhibisha.

Wengi hawajui kwamba barua ya namna hiyo hiyo ilitikisa Lindi mwaka 1908. Utawala wa Kijerumani ulitaharuki, ukaipa jina la Barua ya Makka, ukakamata watu, na ukamshuku Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa Zanzibar. Barua ile ilinakiliwa kwa kalamu na kupelekwa kwa miguu kutoka msikiti hadi msikiti. Hapakuwa na mnara wowote. Kwa nini ilienea? Kwa sababu Maji Maji ilikuwa imekwisha jana tu. Watu walikuwa wametoka katika njaa na misiba, kodi iko shingoni, na mtu aliyekata tamaa huyapokea kwa haraka maneno yanayomwambia kwamba dunia inafikia mwisho wake.

Wajerumani walitafuta karatasi, wakaacha kuutazama msiba uliowafanya watu waiamini karatasi. Na sisi leo tunaitafuta simu. Simu imeongeza kasi, hilo halina ubishi, na kasi ni jambo zito, kwa sababu uongo unaofika kabla ya mwanachuoni kuamka una madhara zaidi ya ule unaofika baada ya mwezi. Lakini kuongeza kasi ni jambo moja, na kuzaa ni jambo jingine.

Mzani usilalie upande wa pili

Tunajihadhari na kosa la pili, nalo ni kusema kwamba chombo ni kitu kitupu kisicho na athari, na kwamba yote ni moyo wa mtu tu. Wanaosema hivyo huleta aya ya 11 ya Sura Ar-Ra'd, ambayo maana yake ni kwamba Allah habadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Aya ni haki, lakini wapo wanaoitumia kumlaumu fukara kwa ufukara wake na kumsamehe aliyempunja. Tukumbuke kwamba aya imewataja watu kwa pamoja. Imeutaja umma wenye wakulima, watawala, wafanyabiashara na masheikh.

Hata Ibn Khaldun, ambaye Muqaddima yake ya mwaka 1377 tunajivunia, aliegemea mno hali ya hewa alipoeleza tabia za watu wa nchi za joto, na katika hilo hatumfuati. Lakini alipoeleza kuinuka na kuanguka kwa dola alipanga sababu nyingi pamoja: mshikamano wa watu, kodi, dhuluma, anasa na miji. Huo ndio mwendo sahihi.

Sharia nayo haikupuuza vyombo. Wapo wanazuoni waliozuia kumuuzia zabibu mtu anayejulikana kuwa atatengeneza pombe, na kuuza silaha wakati wa fitna. Na kuna mlango mzima wa kuziba njia zinazopeleka kwenye haramu. Lakini angalia kwa uangalifu. Waarabu wa Jahiliya walicheza kamari yao, maisir, kwa mishale, wakigawana nyama ya ngamia. Katika Sura Al-Maida aya ya 90 kamari ilikatazwa pamoja na mishale ile ya kupigia ramli. Mishale ya kuwindia na ya kupigania jihadi iliendelea kuchongwa Madina, na Mtume (s.a.w.) akahimiza kujifunza kuilenga. Basi kinachotazamwa ni kile ambacho chombo kimetengenezwa kwa ajili yake, na nani amekitengeneza kwa nia hiyo.

Kwa kipimo hiki mnara si programu ya kubeti. Mnara hupeleka sauti ya kheri na ya shari. Programu ya kubeti imebuniwa na watu waliokaa wakapanga namna ya kumfanya kijana arudi tena baada ya kupoteza. Hapo ipo nia, lakini ni nia ya watu. Chuma hakina nia.

Nani alimla mzee?

Wanazuoni wa Fiqh wana kanuni kwamba akikutana mtendaji wa moja kwa moja na aliyesababisha kwa mbali, hukumu huegemezwa kwa mtendaji wa moja kwa moja, isipokuwa pale inapothibiti dhima ya yule wa mbali. Tuitumie.

Kwanza, kijana. Alikuwa wakili wa baba yake, na wakili ni mwaminifu. Wakili akivuka mpaka wa uwakala wake, dhamana inamwangukia. Fedha zile ni deni shingoni mwake, na toba yake haikamiliki bila ya kurudisha haki ya mwenyewe au kusamehewa. Mzee aliyeulaumu mnara alidhani anamhurumia mwanawe. Kwa hakika alimfungia mlango wa toba, kwa sababu mnara hautubu, na asiyetenda hana la kutubia.

Pili, wanaovuna katika biashara ile, na wanaoitangaza kwa vijana mchana na usiku. Fedha ya kamari ni haramu kwa mpokeaji wake, na kuwepo kwa leseni hakubadilishi hukumu hiyo mbele ya Allah.

Tatu, sisi. Na hapa nina la kukiri. Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba runinga ndiyo iliyowamaliza watoto wa madrasa yetu. Nililirudia katika khutba na mawaidha. Siku moja tulifungua daftari la mahudhurio tukahesabu. Watoto walianza kupungua mwaka ule ambao maalim wetu aliacha kulipwa posho yake na akaondoka kwenda kulima ufuta. Runinga ilifika kijijini miaka miwili baadaye. Niliulaumu umeme kwa kosa la kamati, na mimi nilikuwa mwanakamati.

Hii ndiyo hatari ya rai tunayoikosoa. Kwa anayetazama juu juu ni suala la wanafalsafa, lakini katika utekelezaji ni njia ya kukimbia hesabu. Anayesema mashine imeharibu amemficha aliyeharibu, na mara nyingi anayefichwa ni yeye mwenyewe anayesema. Na anayesema mashine italeta maendeleo amewaambia watu wakae wasubiri, kama walivyosubiri wengine reli ya Nachingwea, mpaka ikang'olewa wakiwa bado wanasubiri.

Nasaha yangu kwa maimamu ni fupi. Kabla hujasema juu ya mimbari kwamba kitu fulani kimeuharibu umma, uliza maswali manne: Je, kilipokuwepo mahali pengine, matokeo yalikuwa yale yale? Je, matokeo haya yalikuwepo kabla yake? Nani alikiamua, na nani anafaidika nacho? Na sisi tuliacha kufanya nini? Ukipata majibu, khutba yako itakuwa na faida, kwa sababu utawataja wanaoweza kutubu na wanaoweza kutengeneza.

Niliporudi Narung'ombe mwezi uliofuata, nilikwenda kwa mzee nyumbani kwake, na mwanawe alikuwepo. Niliyasema haya mbele yao wote wawili, kwa lugha nyepesi kuliko hii. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwanawe kwa jina lake, akamwambia: "Utapalilia mikorosho yangu misimu miwili, na hesabu tutaandika." Kijana akalia, akasema: "Ndiyo, baba." Kwa kadiri ya elimu yangu, hiyo ndiyo hukumu iliyokuwa ikihitajika tangu siku ile ya kibarazani.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.